Mwongozo wa Ubora Kiwandani: Kurasa Ngapi Zinatosha?

Mazungumzo kwa wenye viwanda vya unga, wenye visiagi na viongozi wa vyama vya ushirika



Kuna swali ambalo mwenye kiwanda kidogo hukutana nalo pindi biashara yake inapoanza kukua. Duka kubwa linataka unga wake. Shule ya bweni inataka unga wake. Au zabuni imetangazwa, na miongoni mwa masharti yake kuna cheti cha ISO 9001. Anaambiwa aandae mfumo wa usimamizi wa ubora, na kwamba mfumo huo huanza na mwongozo. Naye anauliza: mwongozo wenyewe uwe na kurasa ngapi?

Swali linaonekana dogo, lakini jibu lake lina gharama. Wapo wanaouziwa kitabu cha kurasa 150 kilichonakiliwa kutoka kiwanda kingine, ambacho kilichobadilika ni jina la kampuni tu. Mwenye kiwanda analipa, kitabu kinafungiwa kabatini, na kazi ghalani inaendelea kama zamani. Wapo pia wanaoogopa gharama hiyo, wakaandika ukurasa mmoja wenye maneno matamu kuhusu kumridhisha mteja. Wote wawili wana karatasi mkononi. Hakuna hata mmoja mwenye mwongozo wa kumsaidia kibarua aliyeanza kazi jana.

Ukweli ni kwamba urefu wa mwongozo haupimwi kwa kurasa. Unapimwa kwa jambo moja: ni kosa gani litatokea kiwandani ikiwa maneno haya hayakuandikwa? Mazungumzo haya yanatumia mfano wa kiwanda cha unga wa mahindi, kwa sababu unga uko katika kila nyumba, na kosa katika unga halimalizwi kwa kuomba radhi.

Kosa lenye gharama ya maisha

Mwaka wa 2004, mlipuko wa sumu ya aflatoksini, ambayo pia huitwa sumukuvu, ulikumba eneo la mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui. Watu 317 waliugua. Kati yao, 125 walifariki. Chanzo kilikuwa mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu, kuvu wakapata nafasi ya kumea. Mnamo Novemba 2019, Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa nchini, KEBS, lilisimamisha uuzaji wa aina tano za unga wa mahindi kwa sababu ya sumu iyo hiyo.

Sumu hii ni adui mgumu. Punje inaweza kuonekana safi na bado iwe nayo. Haiishi kwa kupikwa. Ugali ukisongwa hadi ukaiva, sumu imo. Tena haisambai sawasawa ndani ya shehena. Gunia moja linaweza kuwa safi na la pili yake likawa limechafuka, ndiyo maana sampuli ya gunia moja haitoshi kupitisha lori zima.

Kiwango kinachotumika katika Afrika Mashariki kinataka unyevu wa mahindi usizidi asilimia 13.5. Aflatoksini yote kwa jumla isizidi sehemu 10 kwa bilioni, na ile ya aina ya B1, ambayo ndiyo kali zaidi, isizidi sehemu 5 kwa bilioni.

Sasa fikirieni karani anayepokea mahindi langoni saa kumi na moja jioni. Lori limefika, dereva ana haraka, na kipima unyevu kinaonyesha 15. Afanye nini? Akatae? Ayapokee yakaanikwe kando? Ampigie meneja simu? Ikiwa jibu limo katika ukurasa wa 87 wa kitabu kilichofungiwa kabatini, halimsaidii. Ikiwa mwongozo wa ukurasa mmoja unasema tu kwamba kampuni hupokea malighafi bora, haumsaidii vilevile. Kinachomsaidia ni mistari sita iliyo wazi, iliyobandikwa ukutani karibu na mizani.

Kiwango chenyewe kinadai nini?

Wengi hudhani kwamba ISO 9001 inataja idadi ya kurasa. Haitaji, na haijawahi kutaja.

Kiwango hiki hutolewa na Shirika la Kimataifa la Viwango, ISO, lenye makao yake Geneva, Uswisi. Kilitoka mara ya kwanza mwaka wa 1987. Toleo la 1994 lilikuwa na vipengele 20, na kampuni nyingi zikawa zinaandika mwongozo wenye sura 20, kila sura ikirudia maneno ya kiwango. Hapo ndipo mazoea ya vitabu vinene yalipokolea.

Toleo la mwaka 2000 lilipunguza mzigo. Lilitaka mwongozo wa ubora uwepo, pamoja na taratibu sita zilizoandikwa: kudhibiti nyaraka, kudhibiti kumbukumbu, ukaguzi wa ndani, kushughulikia bidhaa zisizotimiza masharti, hatua za kurekebisha makosa na hatua za kuyazuia. Toleo la 2008 liliendelea na masharti hayo. Mwongozo ulitakiwa kueleza mambo matatu tu: mipaka ya mfumo, taratibu zenyewe au mahali zinapopatikana, na jinsi kazi za kampuni zinavyoungana.

Kisha likaja toleo la 2015. Hili liliondoa kabisa sharti la kuwa na kitabu kinachoitwa mwongozo wa ubora. Bado linataka mambo kadhaa yaandikwe, kama vile mipaka ya mfumo, sera ya ubora na malengo yake. Linataka pia kumbukumbu zitunzwe, zikiwemo za ujuzi wa wafanyakazi, ukaguzi wa ndani na makosa yaliyorekebishwa. Lakini namna ya kuyapanga imeachiwa kampuni yenyewe. Kampuni inaweza kuendelea na mwongozo, na kwa kiwanda kidogo mara nyingi hilo ndilo jambo jepesi: kila kitu mahali pamoja. Lakini anayemwambia mwenye kiwanda kwamba bila kurasa mia moja hapati cheti, anamwambia jambo ambalo kiwango hakisemi.

Kiwango kinataja pia sababu tatu zinazofanya wingi wa nyaraka utofautiane kati ya kampuni na kampuni: ukubwa wa kampuni na aina ya shughuli zake, ugumu wa kazi na jinsi zinavyotegemeana, na ujuzi wa watu wanaozifanya. Sababu hizo tatu ndizo kipimo cha kuanzia.

Alama ya ubora ni kitu kingine

Hapa pana mkanganyiko unaofaa kuondolewa. Alama ya ubora ya KEBS inayoonekana kwenye pakiti ya unga inahusu bidhaa: unga huu unatimiza kiwango chake. Unga wa mahindi unaofungashwa hapa nchini kwa ajili ya kuuzwa unapaswa kuwa na alama hiyo. Tena tangu 2012, unga wa mahindi unaofungashwa unapaswa kuongezwa virutubishi, vikiwemo vitamini A na madini ya chuma na zinki.

ISO 9001 inahusu jinsi kampuni inavyoendesha kazi zake. Cheti chake ni cha hiari. Kinachokifanya kionekane cha lazima ni matakwa ya mnunuzi. ISO yenyewe haitoi vyeti. Vyeti hutolewa na mashirika ya ukaguzi, na KEBS ni mojawapo. Kabla ya kulipa shirika lolote, mwenye kiwanda aulize kama umahiri wake umethibitishwa, kazi ambayo hapa Kenya hufanywa na taasisi ya serikali ya KENAS.

Hata asiyefikiria cheti ana sababu ya kuwa na mwongozo mfupi. Chama cha ushirika kinachobadilisha viongozi kila baada ya uchaguzi kinahitaji mahali ambapo kazi imeandikwa, ili ujuzi usiondoke na mwenyekiti anayemaliza muhula.

Kila sentensi ni ahadi

Wenye viwanda wengi hufikiri kwamba kurasa nyingi humridhisha mkaguzi. Mkaguzi hafanyi kazi hivyo. Anasoma kilichoandikwa, kisha anaomba ushahidi kwamba kinafanyika.

Mwongozo ukisema kwamba kila gunia hupimwa unyevu, mkaguzi ataomba kumbukumbu za kila gunia. Ikiwa kiwanda hupima magunia kumi katika kila lori, basi kimejiandikia kosa ambalo kiwango hakikulidai. Mwongozo ukisema kwamba kamati ya ubora hukutana kila wiki, na kiwanda hakina kamati yoyote, hilo ni kosa jingine. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole.

Kurasa nyingi zina gharama nyingine isiyoonekana mapema, nayo ni kuzitunza. Tuseme kiwanda kimebadilisha kipimo cha kuchanganya virutubishi kwa sababu muuzaji ni mpya. Ikiwa kipimo hicho kimetajwa mahali tisa, lazima kirekebishwe mahali tisa. Kikisahaulika mahali pamoja, kuna siku mfanyakazi wa zamu ya usiku atafuata ukurasa wa zamani. Kwa hiyo jambo moja liandikwe mahali pamoja tu, na kurasa nyingine zielekeze huko.

Maswali manne ya kuuliza kila aya

Njia rahisi ya kupata urefu unaofaa ni kupitia mwongozo aya baada ya aya, na kuiuliza kila aya maswali manne.

Swali la kwanza: aya hii ikifutwa, nani atakosea? Ikiwa hakuna, ifutwe. Historia ya mwenye kampuni, maelezo ya ubora ni nini na maneno yaliyonakiliwa kutoka kwenye kiwango mara nyingi hutoka hapa.

Swali la pili: je, ndivyo tunavyofanya kweli? Kama sivyo, kuna njia mbili tu. Ama kazi ibadilishwe ifanane na maandishi, ama maandishi yabadilishwe yafanane na kazi. Uamuzi huu ni wa mwenye kiwanda, wala hauwezi kufanywa na mtu wa nje asiyejua kinachoendelea ghalani.

Swali la tatu: je, hapa ndipo mahali pake? Mwongozo unaeleza nani anafanya nini na kazi zinaungana vipi. Hatua za kuendesha mashine zikae kwenye maagizo ya kazi, karibu na mashine yenyewe. Takwimu za kila siku zikae kwenye fomu na madaftari. Majina ya watu na nambari za simu yakae kwenye orodha moja ya pembeni, na mwongozo utaje vyeo tu, kwa sababu watu huhama.

Swali la nne: je, mfanyakazi anayehusika anaweza kuisoma na kuielewa? Kama hawezi, aya hiyo haijaandikwa bado, hata kama imepigwa chapa vizuri.

Mfano wa hesabu

Tuchukue kiwanda cha kubuni chenye wafanyakazi 14, kinachonunua mahindi kwa wakulima na kuuza unga wa pakiti za kilo 2. Mwongozo wake unaweza kupangwa hivi:

Kiwanda kinafanya nini na mfumo unahusu shughuli zipi: nusu ukurasa.
Sera ya ubora na malengo yanayopimika: ukurasa 1.
Mchoro wa kazi, kutoka lango la kupokelea mahindi hadi lori la kupeleka unga: ukurasa 1.
Majukumu kwa vyeo: ukurasa 1.
Kupokea, kupima na kuhifadhi mahindi: kurasa 2.
Kusafisha, kusaga na kuongeza virutubishi: kurasa 2.
Kufungasha, kupima uzito na kuhifadhi unga: ukurasa 1.
Unga usiofaa, malalamiko ya wateja na kurudisha bidhaa kutoka sokoni: kurasa 2.
Mafunzo ya wafanyakazi na uhakiki wa mizani na vipimo: ukurasa 1.
Ukaguzi wa ndani na kikao cha wasimamizi: ukurasa 1.
Orodha ya fomu na maagizo ya kazi: nusu ukurasa.

Jumla ni kurasa 13. Idadi hiyo si sheria, na kiwanda cha jirani kinaweza kufika 9 au 20. Kinachofaa kutazamwa ni mgao wake. Sehemu zenye hatari kubwa zimepewa nafasi kubwa: kupokea mahindi, kuongeza virutubishi, na la kufanya unga ukigundulika kuwa mbaya ukiwa tayari umefika dukani. Sera ya ubora, ambayo katika miongozo mingi hujaza kurasa, hapa inatosha kwa aya chache.

Sehemu ya kurudisha unga sokoni haifai kubanwa. Siku ya mashaka hakuna muda wa kutunga mpango. Lazima iwe imeandikwa mapema: nani anatoa uamuzi, nambari ya shehena inasomwa wapi kwenye pakiti, daftari gani linaonyesha maduka yaliyopokea shehena hiyo, na nani anazijulisha mamlaka.

Wakati kurasa zaidi zinafaa

Wingi si hoja, lakini ufupi nao si hoja. Zipo hali ambazo zinataka maandishi zaidi.

Kiwanda chenye matawi matatu kinahitaji kueleza lipi ni sawa kila mahali na lipi linatofautiana. Kiwanda kinachotengeneza chakula cha watoto au dawa kina hatari nyingi zaidi za kudhibiti. Kiwanda kinachotegemea vibarua wanaobadilika kila msimu kinahitaji maagizo ya kina zaidi kuliko kile chenye wasagaji waliokaa miaka kumi. Hata hapo, kinachoongezeka sana ni maagizo ya ukutani na mafunzo. Mwongozo wenyewe hauna haja ya kunenepa.

Kuna jambo la kuangalia kwa wenye wafanyakazi wazoefu. Msagaji hodari hutambua mahindi mabichi kwa kuyauma, na hilo humfanya mwenye kiwanda aone hakuna haja ya kuandika chochote. Lakini msagaji huyo huugua, huenda likizo, hustaafu. Ujuzi wake ndio wa kwanza kuandikwa, yeye mwenyewe akiwa ameketi hapo akieleza. Na hata akiuma punje, kipima unyevu kitumike, maana jino haliachi kumbukumbu.

Lugha na picha

Miongozo mingi huandikwa kwa Kiingereza kigumu, ilhali kazi ghalani huzungumzwa kwa Kiswahili au kwa lugha ya mama. ISO 9001 haimlazimishi mtu lugha yoyote. Inaacha kampuni ichague lugha na umbo linalofaa, na umbo hilo linaweza kuwa karatasi, picha au kompyuta.

Kwa hiyo agizo la kupima unyevu linaweza kuwa la Kiswahili chepesi lenye picha nne. Picha ya kipima unyevu kinachosoma 13.5 kwa rangi ya kijani, na nyingine kinachosoma 15 kwa rangi nyekundu, inaeleweka hata kwa asiyesoma sana. Mnunuzi wa nje akihitaji mwongozo kwa Kiingereza, utafsiriwe baadaye kwa ajili yake.

Kuujaribu mwongozo

Kabla ya kumwita mkaguzi, mwongozo unaweza kujaribiwa hapo hapo kiwandani, tena bila gharama. Mfanyakazi mgeni apewe mwongozo na aulizwe maswali matatu. Mahindi yakifika na unyevu wa 15, unafanya nini? Mteja akirudisha pakiti yenye wadudu, unaandika wapi? Mizani ikitiliwa shaka, nani anaamua isimamishwe?

Akipata kila jibu kwa dakika moja au mbili, urefu unafaa. Akipotea katikati ya kurasa, ni mrefu mno au umepangwa vibaya. Akifika mwisho bila jibu, ni mfupi mno. Jaribio hili lirudiwe kila mwaka, na kila kunapokuwa na mashine mpya, muuzaji mpya au kosa lililotokea.

Kwa wale wanaoanza, kazi ya wiki ya kwanza si kuandika mwongozo mzima. Ni kusimama langoni siku moja, kutazama mahindi yanavyopokelewa, na kuandika kinachofanyika kweli, hatua kwa hatua, katika ukurasa mmoja. Wiki ya pili, mashine. Wiki ya tatu, ghala la unga. Baada ya miezi miwili mwongozo utakuwa umepatikana, na utakuwa wa kiwanda hicho chenyewe, si wa jirani.

Viwango vya bidhaa husimamiwa na serikali ya kitaifa kupitia KEBS. Kwa upande wa kaunti, wenye viwanda wanaweza kufika kwa maafisa wa biashara na ushirika kuulizia leseni na uendeshaji wa vyama, na kwa maafisa wa vipimo na mizani kuhusu uhakiki wa mizani. Wakulima nao wawafikie maafisa wa kilimo kuhusu ukaushaji na uhifadhi wa mahindi, kwa sababu gunia lililokauka vizuri shambani humwondolea msagaji nusu ya wasiwasi, na mkulima hupata bei yake bila lori kurudishwa.